Nataka kununua ndege ya kujiundia Uingereza na kuisajili Ujerumani: inawezekana, au nitaishia kumiliki pambo la bandani?

#1 Mkwezi wa Mawingu

Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, ninaishi kusini mwa Ujerumani huu mwaka wa tisa, na nina leseni ya Ulaya ya rubani binafsi yenye saa 210. Nimeona RV-6 ya viti viwili inauzwa Uingereza. Mwenyewe aliiunda gerejini kwake kwa miaka saba, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1999, na ina injini ya Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160 iliyofanya saa 640 tu tangu ikiwa mpya. Bei yake ni nusu ya ndege ya kiwandani yenye mwendo kama huo.

Mwenzangu wa klabu aliposikia kuwa ni ya kujiundia alinikataza hata kuigusa, akasema kuihamisha kutoka rejesta ya nchi moja kwenda ya nyingine ni kazi ya kumzeesha mtu. Nadhani anatia chumvi. Gari nikilinunua Ubelgiji nalisajili hapa ndani ya wiki moja, na anga la Ulaya lina shirika moja la usalama, EASA. Kwa nini ndege iliyoruka salama zaidi ya miaka ishirini na mitano ionekane ngeni kwa kuvuka mkondo wa bahari tu?

#2 Fundi Ribiti

Karibu, Mkwezi. Niko Uingereza na ninaunda RV-7 mwaka wa nne sasa, kwa hiyo nitakujibu kwa uchungu wa mtu mwenye vidole vilivyochubuka.

Kosa lako liko kwenye hiyo EASA. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/1139 ina Kiambatisho cha Kwanza, na humo zimetajwa ndege ambazo shirika hilo halizishughulikii. Mojawapo ni ndege ambayo angalau asilimia 51 ya kazi ya kuiunda imefanywa na mtu asiye wa kiwanda, kwa matumizi yake mwenyewe na bila nia ya biashara. Ndege hiyo ni mali ya sheria za kila nchi. Ufaransa ina utaratibu wake, Uswidi wake, Ujerumani wake. Kuna ndege za kiwandani zenye cheti kimoja kinachotambulika kote, na kuna zetu, ambazo kila mpaka ni mlango wenye bawabu wake.

Isitoshe, Uingereza imekwisha kutoka kwenye Umoja huo. Huku ndege kama hiyo haina cheti cha kawaida cha ubora wa kuruka. Ina kibali cha kuruka kinachohuishwa kila mwaka, na anayesimamia ukaguzi ni Light Aircraft Association, LAA, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

#3 Mtoto wa Pangani

Kwa hiyo mtu anaunda ndege jikoni kwake, halafu anamuuzia mwingine, halafu huyo mwingine anapanda? Mimi hata meza niliyoiunda mwenyewe siiwekei chai ya moto.

#4 Bi Upepo

Mtoto wa Pangani, ndege unazozicheka zina mkaguzi aliyetazama kila hatua kabla bawa halijafungwa. Meza yako nani aliikagua?

Nipo Uswidi, ambako ndege za kujiundia hutambulika kwa herufi X baada ya SE. Mkwezi, swali lako lina maswali mawili ndani yake, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuruka na ndege hiyo katika nchi nyingine. La pili ni kuisajili huko. La kwanza ni jepesi kiasi: mwaka 1980 Mkutano wa Usafiri wa Anga wa Ulaya, ECAC, ulitoa pendekezo kwamba nchi wanachama zipokee ndege za kujiundia za nchi wenzao bila kuomba ruhusa kila safari. Mimi nimetua Denmark na Ujerumani kwa msingi huo. Lakini hilo ni pendekezo tu, na baadhi ya nchi zimeweka kikomo cha siku za ugeni. Mgeni siku mbili. Ukikaa zaidi, utapewa jembe, na jembe lenyewe ndiyo rejesta.

#5 Nahodha Mstaafu

Naandika kutoka Dar es Salaam. Nimerusha ndege za abiria kwa miaka mingi, na ninakubaliana na yule mwenzake Mkwezi wa klabu: usiguse.

Sababu haimo katika sheria za Brussels, kama Fundi anavyodhani. Imo katika Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Ibara ya 33 inazitaka nchi zitambue vyeti vya ndege za nchi nyingine iwapo vimetolewa kwa viwango visivyopungua vile vya kimataifa. Ndege isiyo na usanifu uliothibitishwa haifikii viwango hivyo, kwa hiyo hakuna nchi inayolazimika kuipokea, iwe Ulaya, Afrika au Marekani. Ibara ya 32 nayo inasema rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Mkwezi ana leseni ya Ulaya. Ndege ni ya Uingereza. Kabla hajafikiria kuisajili, je, ana haki ya kuirusha hadi nyumbani?

#6 Fundi Ribiti

Nahodha, shikamoo. Nakubali Chicago ndiyo mzizi, lakini mzizi hauelezi kwa nini tawi moja linazaa na jingine halizai. Ufaransa, Uswidi na Ujerumani zote ni wanachama wa mkataba huohuo, na bado urahisi wa kusajili ndege ya kujiundia unatofautiana sana. Tofauti hiyo inatoka kwenye sheria za nchi.

Kuhusu leseni uko sahihi kabisa. Tangu Uingereza ijitoe, leseni ya Ulaya na ya Uingereza si kitu kimoja tena. Njia rahisi ni rubani mwenye leseni ya Uingereza kuivusha, wewe ukikaa kiti cha pili ukishika ramani.

#7 Mzee wa Nyasi

Jambo kwenu wote. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, ninaishi Ufaransa tangu ujana, na nina ndege ya mbao aina ya Jodel yenye usajili wa F-P, ambao ni wa ndege za kujiundia. Mimi ni mmiliki wa tatu.

Mmetaja sheria, lakini nitawaeleza jambo ambalo mafundi wanalijua na wanasheria hawalijui. Ndege ya kiwandani ina ndugu elfu moja wanaofanana nayo. Ukimkagua mmoja umewajua wote. Ndege ya kujiundia haina ndugu. Hiyo RV-6 ni ya kizazi ambacho kiwanda kilimpa muundaji mabati na michoro, naye akapima na kutoboa matundu mengi mwenyewe, huku akishikiza kila kitu kwenye fremu aliyoijenga ili kisipinde. RV-7 ya Fundi huja na matundu yaliyokwisha kulingana, ndiyo maana analalamika vidole tu na si akili. Kwa hiyo mhandisi wa nchi mpya akiiona RV-6 haioni RV-6. Anamwona bwana mmoja asiyemjua, gerejini mwake, usiku, mwaka 1994, akiwa amechoka. Anachotaka ni ushahidi wa huyo bwana: picha za ndani ya mabawa kabla hayajafungwa, daftari la ujenzi, saini za mkaguzi wa kila hatua, risiti za bati na ribiti, hesabu za kupima uzito na kitovu cha mizani.

Uliza kwanza kama muuzaji anazo karatasi hizo. Kama zimo ndani ya boksi moja kubwa lenye vumbi, nunua boksi, na ndege iwe nyongeza.

#8 Mkwezi wa Mawingu

Ahsante, Mzee. Nimemwandikia. Anasema picha anazo zaidi ya mia mbili na daftari limetimia, ila mkaguzi wake wa wakati huo amekwisha kufariki.

Nimeona pia kwamba bima ni lazima. Kuna aliyeniambia kiwango cha chini kwa ndege ndogo ni milioni 3 za SDR, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hizo si fedha za mshahara wangu.

#9 Karani wa Forodha

Huyo aliyekuambia alisoma mstari wa chini yake. Kanuni namba 785/2004 hupanga bima ya madhara kwa watu walio nje ya ndege kulingana na uzito wa juu wa kuruka. Chini ya kilo 500 ni SDR 750,000. Chini ya kilo 1,000 ni milioni 1.5, chini ya kilo 2,700 ndiyo milioni 3. Uzito ambao msanifu aliiwekea RV-6 ni ratili 1,600, yaani kilo 726 hivi, kwa hiyo uko kwenye milioni 1.5. Na kumbuka hicho ni kiasi ambacho bima itamlipa jirani ukimwangukia, si ada utakayoilipa wewe.

Sasa tuzungumze kodi, ambayo ndiyo kazi yangu hapa Ubelgiji. Ndege inayotoka Uingereza leo inaingia Umoja wa Ulaya kama bidhaa ya nje. Hata kama muuzaji ni mtu binafsi asiyekutoza kodi ya ongezeko la thamani, forodha ya Ujerumani itakudai asilimia 19 ya thamani, pamoja na ushuru kama haikustahili msamaha. Usidanganywe na wanaosema uiache na alama za G, yaani usajili wa Uingereza, ukaiegesha Bavaria kama ya mgeni; msamaha wa kuingiza chombo kwa muda umewekewa wakazi wa nje, nawe ni mkazi wa ndani. Kwa maoni yangu watu hawashindwi na uhandisi wala Chicago. Wanashindwa na hiyo asilimia 19 ambayo hawakuiweka kwenye hesabu, kisha wanasingizia mamlaka.

#10 Mtoto wa Pangani

Karani, umemaliza uzi. Mtu alikuja kununua ndege, anaondoka na mahesabu.

#11 Bi Upepo

Karani, si kweli kwamba wote wanashindwa na kodi. Mimi nilinunua yangu kutoka nchi nyingine ya Umoja, kodi ilikuwa imekwisha kulipwa na risiti ipo, na bado nilikaa miezi kumi na nne bila kuruka. Ofisi iliyohusika, ambayo sitaitaja, iliniomba waraka uleule mara tatu, kila mara kupitia mtu mpya. Nilichokosa si fedha. Nilikosa karatasi moja ya kelele.

Mkwezi, hapo pako pia. Ujerumani ni kali kuhusu kelele za ndege ndogo. RV nyingi zina mabomba mafupi ya moshi yasiyo na salensa, na kwa rafadha (propela) ya chuma ya kasi isiyobadilika zinapiga kelele kama pikipiki ya bodaboda iliyotobolewa bomba. Wajerumani wengi wenye RV hufunga salensa ya ziada nyuma ya bomba au hubadilisha rafadha. Salensa ina uzito wake na gharama yake, na kila badiliko linahitaji mtu wa kulihesabu na kulitia saini. Waulize watu wa Oskar-Ursinus-Vereinigung, OUV, chama cha waundaji wa ndege Ujerumani, kabla ya kuiuliza mamlaka yenyewe. Mamlaka ya huko, LBA, hufanya kazi na chama hicho, na chama kitakuambia kwa siku moja jambo ambalo barua itakujibu kwa miezi.

#12 Nahodha Mstaafu

Bi Upepo, salensa umeitaja mwishoni kama chumvi, kumbe ndiyo nyama.

#13 Kijana wa Gitega

Samahani kuingilia. Mimi ni Mrundi, ninaishi Ujerumani pia, na nimegundua swali ambalo hakuna aliyemuuliza Mkwezi. Pasipoti yako ni ya nchi gani? Sheria ya anga ya Ujerumani inataka ndege ya kwenye rejesta yake imilikiwe na Wajerumani, na raia wa Umoja wa Ulaya wamewekwa sawa nao. Kuishi huko miaka tisa hakukufanyi uwe mmoja wao. Mamlaka inaweza kutoa ruhusa ya pekee, lakini hiyo huombwa, haidaiwi.

#14 Mkwezi wa Mawingu

Umenigusa penye kidonda. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Ujerumani tangu Juni 2024 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, lakini Tanzania hairuhusu, nami sijawa tayari kuirudisha ya kwetu kwa sababu ya RV-6. Mke wangu ni Mjerumani.

#15 Mtoto wa Pangani

Basi imekwisha! Shemeji ndiye mwenye ndege, wewe ni dereva wa nyumbani. Siku mkigombana utaombwa funguo.

#16 Fundi Ribiti

Hili la uraia lina upande wa pili wa kufurahisha. Kwa rejesta ya Uingereza, miongoni mwa wanaostahili kumiliki ndege ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009, anaweza kuwa na ndege yenye alama za G kwa jina lake mwenyewe. Mimi nina pasipoti ya Kenya na RV-7 yangu imeandikwa kwa jina langu. Kwa hiyo, Mkwezi, rejesta unayotaka kuihama ndiyo inayokutambua, na unayotaka kuhamia ndiyo isiyokutambua.

#17 Kijana wa Gitega

Warundi hatumo Jumuiya ya Madola. Naendelea kupanda treni.

#18 Mzee wa Nyasi

Wakongo pia hatumo. Karibu F-P, kijana, ila huku nako wanataka uraia wa Ufaransa au wa Umoja, na mimi nilishaupata zamani.

Fundi, hoja yako ni tamu lakini ina shimo. Akibaki na G akiishi Ujerumani, kibali chake kinahuishwa kila mwaka kwa saini ya mkaguzi wa LAA. Ndege itavuka bahari kila mwaka kwenda kuonwa na daktari wake, kwa leseni ambayo hana, na kodi ya Karani haijaondoka.

#19 Kiota cha Mwewe

Kuna njia ya tatu: rejesta ya Marekani, herufi N. Asiye raia anaweza kuiandikisha kupitia kampuni ya amana, na ndege nyingi za Ulaya zimefanywa hivyo.

#20 Fundi Ribiti

Kiota, hiyo inafaa zaidi kwa ndege za kiwandani. Ndege ya kujiundia yenye herufi N ina cheti cha majaribio, na ikitoka Marekani inahitaji ruhusa ya kila nchi inamoruka. Halafu ukaguzi wake wa kila mwaka unaruhusiwa kufanywa na muundaji mwenyewe aliyepewa cheti cha kuikarabati hiyo moja, au na fundi mwenye leseni ya Marekani. Mkwezi si muundaji. Atamtafuta fundi wa Marekani Bavaria.

#21 Nahodha Mstaafu

Wote mmejadili karatasi, hakuna aliyeijadili injini. Saa 640 tangu mwaka 1999 si sifa, ni lawama. Hiyo ni wastani wa saa ishirini na tano kwa mwaka. Lycoming wenyewe wanapendekeza injini ifunguliwe baada ya saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Katika injini hizo kamshafti, mhimili wenye kamu zinazofungua vali, hukaa juu, mafuta hushuka chini ndege ikilala, na Uingereza yenye unyevu hufanya chuma kishike kutu kimyakimya. Fungua silinda mbili, ingiza kamera, tazama kamu, kata chujio la oili utafute vumbi la chuma. Ikiwa ina kutu, bei ya nusu imekwisha kuwa bei nzima, na rejesta haina maana tena.

#22 Bi Upepo

Nahodha, hapo nakupigia makofi, ingawa ulisema asiiguse.

#23 Mzee wa Nyasi

Nikumbushe pia historia, maana Mkwezi aliuliza kwa nini. Miaka ya 1930 Henri Mignet, Mfaransa, aliuza ndoto ya kila mtu kujiundia ndege yake, HM.14, iliyoitwa Pou-du-Ciel, chawa wa angani, iliruka mwaka 1933 na watu wakaiiga kwa mamia. Marubani kadhaa wakafa. Majaribio kwenye handaki la upepo, Ufaransa na Uingereza, yakaonyesha kuwa mabawa yake mawili yaliyokaribiana yaliweza kuifanya isiinue tena pua ikishainama sana, na ikapigwa marufuku. Naamini maofisa wa leo bado wanarithi hofu ya mwaka 1936.

#24 Karani wa Forodha

Mzee, ofisa wa leo hajui Mignet ni nani. Anajua kwamba akitia saini na ndege ikaanguka ataitwa yeye, na asipotia saini hataitwa na mtu.

#25 Mzee wa Nyasi

Huenda tunasema jambo moja.

#26 Fundi Ribiti

Mkwezi, mambo matatu ya haraka kabla hujatuma fedha. Rejesta ya Uingereza, G-INFO, iko wazi mtandaoni, itazame. Lakini kuandikwa humo si uthibitisho wa umiliki, kwa hiyo dai hati za mauzo zote mpaka kwa muundaji. Kuna rejesta ya pili ya ndege zilizowekwa rehani, nayo iulize. Na usiruhusu muuzaji afute usajili mapema. Ibara ya 18 ya Chicago hairuhusu ndege kuwa kwenye rejesta mbili, lakini ikifutwa ya kwanza kabla ya pili haijakubali, utakuwa na bati lisilo na jina, lisiloruhusiwa kuruka, na mabawa ya RV-6 si ya kung'oa asubuhi ukayafunga jioni.

Usajili ukibadilika, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada) na ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura nazo hubadilika. Wengi husahau, wakatafutwa na waokoaji wa nchi nyingine.

#27 Mkwezi wa Mawingu

Wakuu, nawashukuru. Nimempigia simu mtu wa chama cha waundaji huku. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kwanza kipenyo cha rafadha, kisha kama mkaguzi marehemu aliacha nakala za taarifa zake LAA. Muuzaji amekubali silinda zifunguliwe kwa gharama yangu wiki ijayo. Mke wangu amesoma uzi wote kwa msaada wa tafsiri yangu na ameuliza iwapo mwenye ndege hukaa kiti cha kushoto.

#28 Mtoto wa Pangani

Ulimtafsiria na #15?

#29 Nahodha Mstaafu

Kushoto. Na mwambie yeye ndiye atakayetia saini kwenye forodha.